Gari la kasi linapochinjwa: bei ya spea huamuliwa kabla ya boliti ya kwanza

Turbo mbili za aina moja, vifaa vinavyoisukumia injini hewa, zinaweza kukaa kwenye rafu moja, zote zikizunguka vizuri kwa kidole, na bado moja ikaondoka siku hiyohiyo kwa bei nzuri huku nyingine ikidoda miezi kadhaa. Ya kwanza inajulikana ilitoka gari gani, gari hilo liliharibika nini, na injini yake ilipimwaje ilipokuwa bado inawaka. Ya pili imeandikiwa "ilikuwa inafanya kazi", basi. Kila mwuzaji huandika hivyo, na mnunuzi aliyewahi kulizwa hayapi maneno hayo uzito wowote.

Wengi wanaoamua kuchinja gari lao, yaani kulivunja na kuliuza vipande, huanza na spana, na habari ya kuuza huja baadaye, vitu vikiwa vimeshajaa sakafuni. Mpangilio huo una gharama. Ukishaing'oa injini, ukamwaga oili na kukata umeme, umejinyima vipimo vyote ambavyo vingemfanya mnunuzi alipe bila kubishana sana. Mauzo huanza gari likiwa bado zima, hata kama halitembei.

Gari lilikufa kwa nini

Hili ndilo swali la kwanza, kwa sababu jibu lake linatenga spea ambazo ajali au hitilafu haikuzigusa na zile zilizochafuliwa ingawa kwa macho zinang'aa.

Chukua injini ya turbo iliyokula beringi za konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na kranki), jambo la kawaida kwa gari linalokimbizwa huku oili ikiwa imepungua. Beringi inapokwisha husagika kuwa chembe za chuma, na oili inazibeba chembe hizo kila inakopita. Zinafika kwenye turbo, ambayo shafti yake huelea juu ya utando mwembamba wa oili ikizunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Zinaingia kwenye njia za kamshafti, shafti inayofungua na kufunga vali. Zaidi ya yote zinajificha ndani ya kipoza oili, chenye vijia vyembamba ambavyo huwezi kuvichungulia wala kuvisafisha ukawa na uhakika. Gari likifa kwa namna hiyo, giaboksi, difu, breki, viti na rimu havina kosa na viuzwe bila wasiwasi. Turbo ifunguliwe ikaguliwe, au iuzwe kama kitu cha kukarabati na bei ionyeshe hivyo. Kipoza oili kinakwenda kwenye vyuma chakavu. Anayekisafisha kwa petroli na kukiweka sokoni anampelekea mtu mwingine kifo cha injini yake, na mimi naliita hilo wizi.

Ukaguzi wenyewe ni rahisi. Toa filta ya oili, ikate kopo lake, nyoosha karatasi ya ndani na uitazame kwenye jua. Ukungu mwembamba wa kijivu ni wa kawaida kwa injini iliyotembea. Vipande vinavyometameta na kukwaruza kidoleni ni beringi. Piga picha ya karatasi hiyo iwe nzuri au mbaya. Nikiambiwa nichague picha moja tu ya kuambatanisha na injini, ningechukua hiyo kabla ya picha ya injini iliyooshwa.

Ajali ya mbele ina hesabu nyingine. Injini inaweza kuwa nzima huku mikono ya chini, nguzo za gurudumu na shokapu za upande uliogongwa zikiwa zimepinda kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Weka kifaa cha kushoto na cha kulia sambamba juu ya kioo kinene au meza tambarare, pima umbali kati ya matundu yanayolingana, na kisicholingana na mwenzake usikiuze. Kagua pia masikio ya giaboksi pale inaposhikana na injini, kwa sababu aluminiamu hupasuka mahali hapo bila kelele. Gari lililozama kwenye maji linadanganya zaidi: kompyuta na viunganishi vya waya vinaweza kufanya kazi wiki za mwanzo, kisha kutu ya kijani ikaanza kutafuna ndani. Bora kuliko yote ni gari lililomalizwa na kutu ya bodi, maana hilo lilifika likijiendesha.

Vipimo vya injini ikiwa mahali pake

Kipimo kinachojulikana zaidi ni cha mgandamizo, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda. Injini iwe ya moto, betri iwe na chaji kamili, plagi zote zitoke, umeme wa plagi na wa nozeli ukatwe, na kikanyagio cha mafuta kikanyagwe hadi mwisho. Hilo la mwisho husahaulika mara kwa mara, hewa inakosa njia ya kuingia, na namba za silinda zote zinashuka.

Wanunuzi wengi hutafuta namba kubwa, na kwa magari ya kasi huo ni mtego. Injini yenye kamshafti za mashindano huchelewa kufunga vali za kuingiza hewa, kwa hiyo kipimo hushuka bila ubovu wowote. Pistoni zilizochongwa kwa ajili ya turbo kubwa hushusha namba pia, na kupimia mahali palipoinuka sana juu ya usawa wa bahari huishusha zaidi. Kinachosema kweli ni ulingano wa silinda: zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, kuna jambo. Mwuzaji anayeandika namba za silinda zote, pamoja na aina ya kamshafti na hali ya injini wakati wa kupima, amempa mnunuzi kitu cha kufanyia uamuzi. Aliyeandika "mgandamizo uko sawa" hajasema neno.

Kipimo cha kuvuja ndicho ninachokipenda zaidi. Pistoni inawekwa juu kabisa wakati vali zote zimefungwa, hewa ya kompresa inaingizwa kupitia tundu la plagi, na geji inaonyesha ni asilimia ngapi inapotea. Chini ya 10 ni nzuri. Ikipita 20 tafuta sababu. Utamu wake uko kwenye masikio. Fungua kifuniko cha oili usikilize: upepo ukitokea huko, ringi au pistoni zina tatizo. Ukitokea kwenye ekzosi, ni vali za kutolea moshi. Ukitokea upande wa kuingizia hewa, ni vali za huko. Rejeta ikitoa mapovu, gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe imeachia. Kwa nusu saa ya kazi unajua injini inaumwa wapi kabla hujaifungua.

Injini ya Subaru EJ257 inaonyesha faida yake. Inajulikana kwa kuvunjika kingo za pistoni zinazoshika ringi, na silinda ya 4 ndiyo inayotajwa mara nyingi. Injini yenye ufa wa namna hiyo inaweza kuwaka kwa mguso mmoja, ikatulia bila kukanyagwa mafuta na kutoa sauti tamu kwenye video. Geji ya kuvuja huianika.

Video hata hivyo ni ya lazima, ila iwe na mpangilio. Ianze kwenye namba ya chesisi, ipite kwenye dashibodi kuonyesha kilomita, mkono uwekwe juu ya injini kuonyesha kuwa ni ya baridi, ndipo iwashwe, bila kukata hata mara moja. Injini ya baridi haifichi moshi, mlio wa vali wala mgongano wa pistoni; ikishapata moto mengi hutulia. Kama gari linatembea, rekodi gia zote zikiingia, pamoja na kushuka kutoka ya 3 kwenda ya 2, maana hapo ndipo giaboksi zilizochoka husaga meno kwanza. Baada ya kumwaga oili ya giaboksi, piga picha sumaku ya plagi yake: tope laini jeusi ni uchakavu wa kawaida, kipande chenye umbo ni jino la gia.

Turbo ipimwe kwa mkono. Shafti ya turbo ya beringi za oili huchezacheza kidogo pembeni ikiwa kavu, na watu wengi wamezikataa turbo nzima kwa sababu hiyo. Mchezo wa kwenda mbele na nyuma ndio usiotakiwa, pamoja na alama za mapanga kugusa ukuta. Turbo za kiwandani za Nissan Skyline GT-R za vizazi vya R32 na R33 zina jambo la ziada: gurudumu la upande wa moshi ni la kauri, jepesi na lenye kuitika haraka, lakini ukipandisha presha kupita ile ya kiwandani linaweza kuachia na kuvunjika vipande. Kwa hiyo mnunuzi wa turbo hizo ana haki ya kuuliza gari lilikuwa likisukumwa kwa presha gani, na mwuzaji ajibu kwa namba.

Vitu vinavyotakiwa kuondoka pamoja

Tamaa ya kupata zaidi kwa kutenganisha kila kitu ndiyo inayoharibu biashara hii kuliko udanganyifu wa makusudi. Kuna vifaa vinavyotegemeana, na ukivitenganisha unauza kimoja cha kazi na kingine kisicho na maana, au unamtengenezea mnunuzi hasara.

Giaboksi na difu ya nyuma ya gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne ndio mfano ulio wazi. Uwiano wa gia za mwisho mbele na nyuma lazima ulingane. Usipolingana, difu ya katikati italazimika kuteleza muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, itapata moto, na itakufa. Kwenye Subaru ugumu ni kwamba namba zinaweza kutofautiana kwa macho na bado zikawa sahihi: kuna giaboksi za gia 6 za STI, toleo la kasi la Impreza, zenye 3.9 mbele zinazooana na difu ya nyuma ya 3.545, kwa sababu ndani ya giaboksi kuna gia ya kupeleka nguvu nyuma yenye uwiano wa 1.1, na 3.545 mara 1.1 inakuja 3.9. Kuna nyingine zinazodai 3.9 kotekote. Fundi anayenunua giaboksi peke yake na kuifungia difu aliyoipata kwingine anabahatisha. Uza vyote viwili kwa pamoja, weka propela shafti kama ilitoka salama, na andika msimbo uliochapwa kwenye giaboksi yenyewe. Kama mnunuzi anasisitiza kuchukua kimoja, aandikiwe uwiano huo kwenye risiti.

Kompyuta ya injini nayo haiishi peke yake. Kwenye magari yenye kinga ya wizi, kompyuta, ufunguo na moduli ya kinga vimefundishwa kutambuana, wakati mwingine pamoja na dashibodi. Ukiuza kompyuta bila wenzake, mnunuzi amepata boksi lisilowasha gari. Kwa gari lililofanyiwa ramani mpya, yaani programu ya kompyuta inayoiongoza injini, kuna hatari zaidi: ramani hiyo iliandikwa kwa nozeli za ukubwa fulani, kipimo fulani cha hewa na turbo fulani. Ikifungwa kwenye injini yenye nozeli za kiwandani, mchanganyiko wa hewa na mafuta unaharibika, na mchanganyiko wenye mafuta kidogo chini ya presha unaweza kutoboa pistoni. Kwa hiyo kompyuta, nozeli na kipima hewa viende kwa mtu mmoja, au kompyuta irudishiwe ramani ya kiwandani kwanza.

Halafu kuna vidude. Turbo bila bomba lake la oili, boliti zake zenye tundu na vishikio vyake ni turbo pungufu. Mnunuzi atazunguka wiki nzima akitafuta kipande cha ukubwa wa kidole. Kila kifaa kifungwe na boliti zake kwenye mfuko ulioandikwa. Wayaringi isikatwe kwa mkasi kwa sababu ya haraka: wayaringi ya injini iliyotoka nzima, viunganishi vyote vikiwa na lebo, inatafutwa sana, na iliyokatwa haina bei.

Rimu, viti na mali bandia

Rimu ndizo huulizwa kwanza, na ndizo zenye ulaghai mwingi. TE37 za kampuni ya Rays, zilizoingia sokoni mwaka 1996, zimeigwa kila mahali. Herufi JWL kwenye rimu, ambazo ni alama ya kiwango cha Kijapani cha rimu za aloi, hazithibitishi chochote zikiwa peke yake, kwa sababu waigaji nao huzichonga. Toa tairi, safisha ndani, piga picha ya chapa, ukubwa na alama za kiwandani, na zungusha rimu kwenye mashine ya balansi mnunuzi akiona. Tafuta mshono wa kulehemu. Rimu iliyopasuka ikachomelewa ina hatari kwenye mwendo mkali, na rangi mpya juu yake inanitia shaka kuliko mikwaruzo.

Kulingana kwa boliti kuandikwe kwa namba, si kwa jina la gari. Impreza STI za awali zina boliti 5 kwenye duara la milimita 100. Kuanzia modeli ya mwaka 2005 duara likawa la milimita 114.3. Jina ni lilelile na rimu hazipandi.

Kalipa za breki za Brembo zinazokuja na magari haya zinauzika haraka, lakini angalia rangi. Nyekundu iliyogeuka ya kahawia inamaanisha joto kali, na mipira ya ndani huenda imekauka. Diski zina unene wa chini kabisa uliochapwa pembeni, pima, andika. Kiti cha mashindano chenye lebo ya FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, ya kiwango cha 8855-1999 kina uhai wa miaka 5 kwa matumizi ya mashindano, kwa hiyo mwaka wa lebo ni sehemu ya bei.

Visivyofaa kuuzwa

Mikanda iliyokaza kwenye ajali haiuzwi, hata kama imefuliwa ikang'aa. Mifuko ya hewa ina kilipuzi, na kimataifa husafirishwa kama bidhaa hatarishi ya daraja la 9, namba UN 3268, pamoja na mikanda yenye kifaa cha kujikaza. Mamilioni ya mifuko ya kampuni ya Takata yaliitwa kurudishwa kwa sababu nitrati ya amonia iliyomo huharibika kwa joto na unyevu, na inapolipuka inaweza kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Magari mengi ya kasi ya miaka ya 2000 yamo kwenye orodha hizo. Mimi ningesema mfuko wa hewa wa mtumba usiuzwe kabisa, hata pale sheria inaporuhusu: hakuna namna ya kuujaribu bila kuulipua.

Masega ya ekzosi, yanayosafisha moshi, yana platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana huibwa, na ndiyo maana sehemu nyingi biashara yake ina masharti. Uza kwa mnunuzi anayetoa risiti yenye namba ya gari. Gesi ya kiyoyozi inyonywe kwa mashine kabla ya kukata bomba.

Hesabu ya vipande na mkia wake

Spea za magari ya kasi ya miaka ya 1990 zina soko kwa sababu ugavi wake umekauka. Uzalishaji wa Toyota Supra ya A80 ulikoma mwaka 2002, na giaboksi yake ya gia 6, V160 iliyotengenezwa na Getrag, inawindwa hadi leo. Watengenezaji wenyewe wamelitambua hilo: Nismo, tawi la mashindano la Nissan, ilianza kutoa upya spea za Skyline GT-R R32 mwaka 2017, na Toyota ikafanya hivyo kwa Supra za A70 na A80 mwaka 2020. Kabla ya kupanga bei ya kitu adimu, angalia kama hakijarudi kiwandani. Bei ya mtumba hushuka mara tu kipya kinapopatikana.

Jumla ya vipande kwenye karatasi karibu kila mara huizidi bei ya gari zima lililoharibika, na karatasi hiyo imewapoteza wengi. Injini, giaboksi, turbo, rimu, breki, viti na taa za mbele hutoka wiki za mwanzo. Baada yake unabaki na milango, vioo, zulia, mabomba ya kiyoyozi na dashibodi, na vyote vinakula nafasi na muda wa kujibu maswali. Hesabu yenye busara inachukua vile saba au vinane vya haraka tu: kama havirudishi gharama ya gari, kazi na mahali pa kuliweka, usilichinje. Vingine vihesabiwe sifuri, na kikipatikana kitu juu yake ni faida. Bei itoke kwenye mauzo yaliyokwisha kufanyika. Bei za matangazo ni matumaini ya wauzaji wengine. Rimu nne ziuzwe nne, kwa sababu aliyechukua mbili amekuachia mbili ambazo hazina mteja.

Kuhusu dhamana, ile inayotekelezeka ni fupi na imeandikwa: injini iwake na kushika mgandamizo uliotajwa ndani ya siku kadhaa baada ya kupokewa, la sivyo pesa ya injini irudi, bila gharama za fundi. Weka alama ya rangi mahali pasipoonekana kwa haraka kwenye kila kifaa, na ikague kabla ya kupokea marejesho, maana kuna anayenunua nzima na kurudisha mbovu yake. Injini ndefu ya chuma kama 2JZ ya Supra inapita kilo 200. Ifungwe kwenye godoro la mbao, imwagwe vimiminika vyote, matundu yote yazibwe, na shafti ya giaboksi isibebe uzito.

Bodi na namba zake

Bodi tupu ndiyo ya mwisho na ndiyo yenye hatari ya kisheria. Magari ya soko la ndani la Japani hubeba namba fupi ya fremu inayoanza na msimbo wa modeli, BNR32 kwa Skyline GT-R ya R32 au JZA80 kwa Supra, wakati masoko mengine mengi hutumia namba ya herufi na tarakimu 17. Ya namna yoyote, kibao cha namba hakiuzwi kando ya bodi. Anayekitaka bila bodi karibu kila mara ana gari la wizi linalosubiri utambulisho mpya. Kipige picha kabla ya kuanza kazi, kwa sababu misimbo yake husaidia kuoanisha spea, kisha kiende na bodi hadi inakokatwa.

Gari lifutwe kwenye usajili kabla bodi haijaondoka mikononi mwako. Umoja wa Ulaya, kupitia agizo lake la mwaka 2000 kuhusu magari yaliyofikia mwisho wa matumizi, hudai cheti cha kuharibiwa kutoka kituo kilichoidhinishwa kabla ya usajili kufutwa, na nchi nyingi nyingine zina utaratibu wake. Toa nakala za cheti hicho za kutosha. Mnunuzi wa injini atakapokwenda kuisajili kwenye gari lake ataulizwa ilitoka wapi, na jibu lake ni risiti yenye namba ya injini, namba ya chesisi ilikotoka na saini yako, pamoja na nakala ya kufutwa usajili. Mpe karatasi hizo siku anayoipakia injini, kabla simu yako haijaanza kujaa wanunuzi wengine.